Matengenezo ya boila ya kuni Mwanga, Kigoma: dampa safi, dohani bado

Karakana ya uchomeleaji ninayoizungumzia ipo eneo la Mwanga, Kigoma Mjini. Tuliiita itutengenezee boila ya kuni inayotoa mvuke wa kuivishia chikichi katika kiwanda chetu kidogo cha mawese, baada ya moshi kuanza kurudi kupitia mlango wa kuni kila ulipofunguliwa, hata pale dampa, yaani kile kibati kinachozunguka ndani ya dohani (bomba la kutolea moshi), ilipoachwa wazi.

Fundi aliyekuja hakukimbilia mashine ya kuchomelea, na hilo lilinipa imani naye. Aliuliza kwanza tunachoma nini, akapasua gogo moja na kulipapasa kwa ndani, akasema bado ni bichi. Kuni za namna hiyo humaliza joto kwa kukausha maji yake zenyewe, moshi hupanda ukiwa umepoa na kukosa nguvu ya kuvuta hewa mpya, kisha huacha utando wa lami unaozidi kuibana dohani. Alizoa masizi yaliyojaa chini ya dohani, lakini moshi ulipungua tu bila kwisha.

Ndipo alipoigeukia dampa. Mpini ulionyesha kuwa ipo wazi, kumbe ndani kibati kilikuwa kimelala karibu kuziba, kwa sababu skrubu inayokishika kwenye mhimili ilikuwa imelegea na mhimili ulikuwa ukizunguka peke yake. Alikaza skrubu, kisha akachonga kwa tupa mfuo kwenye ncha ya mhimili, sambamba na kibati, ili anayechochea asome mfuo huo badala ya kuuamini mpini. Alikata pia kipande ukingoni mwa kibati kisije kikaziba dohani yote, maana moshi ukikosa njia chumba hujaa kaboni monoksidi, hewa inayoua na isiyo na harufu. Kwa vijana wanaokesha na boila wakati wa msimu, hilo si jambo dogo.

Mlango wa majivu aliupima kwa kuufunga juu ya karatasi na kuivuta. Upande wa bawaba karatasi ilichomoka bila kukwama, maana yake hewa ilikuwa ikipenya hapo, tukaelewa kwa nini moto uliendelea kuvuma hata tulipotaka kuupunguza. Kamba ya kuzibia mwanya huo aliyoahidi ilifika kwa kuchelewa sana, tena baada ya simu nyingi.

Kazi ya dohani ndiyo iliyoniudhi. Bomba liliongezwa kipande, lakini bado halijaupita mgongo wa paa la ghala lililo ubavuni, ilhali ncha ya dohani inatakiwa kuzidi kwa angalau sentimita 60 chochote kilichopo ndani ya mita 3. Fundi alishikilia kwamba kofia, yaani kifuniko cha juu ya bomba, ingetosha. Upepo wa ziwani ukivuma mchana, moshi bado unashuka.

Bei ilikuwa ya haki, ingawa risiti ilibidi kuidai. Kwa dampa na milango ningewaita tena kesho. Kwa dohani, pandeni nao juu ya paa mpime urefu kabla hawajakata bomba.