Uzoefu wangu: kushonewa ufa wa bloku ya Gardner 6L3 bila moto

Kama una injini kuukuu ya baharini yenye ufa kwenye bloku, yaani mwili mkuu wa injini unaobeba silinda, na mafundi wawili watatu wameshakwambia dawa yake ni kuchomelea au kutafuta bloku nyingine, soma haya kabla hujakubali. Nimetumia huduma ya kushona chuma kwa baridi, yaani kuziba ufa kwa vipande na pini za chuma bila kupasha moto chochote. Naipa nyota nne kati ya tano, na ile moja iliyopungua nitaieleza.

Injini yenyewe ni Gardner 6L3, iliyotengenezwa Patricroft karibu na Manchester, Uingereza. Ina silinda 6, kila moja yenye kipenyo cha milimita 140 na mwendo wa pistoni wa milimita 197, na inatoa nguvu farasi 114 kwa mizunguko 900 tu kwa dakika. Leo gari dogo linatoa nguvu hiyo hiyo, lakini gari dogo haliwezi kusukuma chombo kizito usiku kucha kwa mwendo mmoja huku likinywa mafuta kidogo namna hii. Ndiyo maana sikutaka kuitupa. Kiwanda kiliacha kutengeneza injini mpya miaka ya 1990. Vipuri vidogo bado vinapatikana ukivitafuta, ila bloku nzima isiyo na kasoro ni ya kubahatisha.

Ya kwangu inapozwa kwa maji ya bahari moja kwa moja, kwa hiyo hakuna tangi la kukuonyesha kwamba maji yanapungua. Dalili ya kwanza ilikuwa mstari wa kutu wenye chumvi iliyoganda ubavuni mwa bloku, chini ya kovu la kuchomelewa lililoachwa na fundi wa zamani. Baadaye oili ikaanza kugeuka rangi ya chai ya maziwa. Hapo hakuna mjadala: maji yameingia ndani, na kila saa unayoendelea kuiendesha unazila beringi.

Karakana ilianza na jambo ambalo mafundi wengi wanaliruka. Walisafisha ubavu wote mpaka chuma tupu, wakapaka rangi nyekundu nyembamba inayopenya, wakaiacha ikae, wakaifuta, kisha wakapuliza poda nyeupe. Rangi iliyokuwa imejificha ndani ya ufa ikarudi juu na kujichora kwenye weupe ule. Ufa niliodhani ni wa vidole vinne ulikuwa shubiri nzima, na ulikuwa na tawi. Kilichonishangaza zaidi ni njia uliyopita: haukupita katikati ya kovu la zamani, ulipita pembeni yake, ukilifuata ukingo kwa ukingo.

Fundi akanieleza sababu, nami naiandika hapa kwa sababu ndiyo kiini cha uamuzi wote. Chuma cha kusubu, yaani chuma kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye umbo, kama cha bloku hii, kina kaboni nyingi, na sehemu kubwa ya kaboni hiyo imekaa ndani yake kama vipande vyembamba vya grafiti. Ukikichomelea kikiwa baridi, ukanda mwembamba kando ya mchomeleo unayeyuka au kukaribia kuyeyuka, kisha unapoa ghafla kwa sababu chuma kizito kilichouzunguka kinafyonza joto. Ukanda huo unakuwa mgumu na mkavu, hauwezi kunyumbulika. Mchomeleo nao ukipoa unasinyaa na kuvuta. Kitu kikavu kikivutwa kinapasuka. Kukwepa hilo inabidi bloku nzima ipashwe moto kufikia nyuzi 600 hivi, ichomelewe ikiwa katika joto hilo, halafu ipozwe taratibu sana. Kwa bloku kubwa ya zamani, hapo unahatarisha kupinda nyuso na matundu yote yaliyonyooshwa kiwandani. Sisemi haiwezekani. Mwaka 1917 Jeshi la Wanamaji la Marekani lilichomelea kwa umeme silinda za meli za Kijerumani zilizokuwa zimevunjwa makusudi na mabaharia wa Kijerumani wenyewe, na meli zile zikavuka Atlantiki. Lakini ile ilikuwa kazi ya vita, yenye watu na vifaa vya taifa zima.

Kushona kwa baridi nako si kitu kipya. Kulianzia kwenye maeneo ya mafuta ya Texas miaka ya 1930, mahali ambapo cheche moja ya kuchomelea ingeweza kuleta maafa.

Niliomba niruhusiwe kuangalia, wakaniruhusu. Kwanza walipima unene wa ukuta kwa kifaa cha mawimbi ya sauti, kwa sababu ukuta ulioliwa na chumvi hauna pa kushika. Kisha wakatoboa tundu kila ncha ya ufa ili usiendelee kutembea. Baada ya hapo wakaweka kigezo cha chuma na kutoboa safu za matundu yanayoukata ufa kwa upana, matundu yaliyokaribiana mpaka yakawa mfereji wenye umbo la shanga zilizounganishwa. Ndani ya kila mfereji wakapigilia kwa nyundo ya hewa vipande vya aloi laini yenye nikeli, tabaka juu ya tabaka, hadi mfereji ukajaa. Vipande hivyo ndivyo vinavyoshika pande mbili za ufa zisiachane.

Halafu ikaja sehemu niliyoipenda kuliko zote. Walifuata mstari wa ufa wenyewe, wakitoboa, wakikata hesi (mikato ya mzunguko kama ya skrubu), na kufunga pini moja moja. Kila pini mpya inakula kidogo kwenye pini iliyotangulia, kwa hiyo hakuna nafasi inayobaki katikati. Hesi zenyewe si za kawaida: zimekatwa kwa mwinamo ili pini ikikazwa ivute kuta za ufa zije pamoja, badala ya kuzisukuma kama boliti ya kawaida inavyofanya kwenye tundu lililopasuka. Ikifikia mkazo wake, shingo ya pini inakatika yenyewe kwa mlio mdogo mkavu, na fundi anahamia inayofuata. Mwisho wanagonga na kusaga mpaka usawa. Ukipitisha kidole huhisi kitu, ingawa macho yanaona mnyororo wa duara ndogo zinazong'aa.

Jaribio la presha ndilo lililonifanya niwaamini. Waliziba milango yote ya maji kwa bamba na mpira, wakajaza maji ya vuguvugu, wakapandisha hadi bar 3, wakaacha. Pini moja kwenye tawi la ufa ikatoa jasho. Wangeweza kupaka gundi na kunyamaza, na mimi nisingejua. Badala yake waliitoboa yote, wakaweka ya ukubwa unaofuata, wakaanza jaribio upya. Safari hiyo ubavu ulibaki mkavu.

Sasa ile nyota iliyopungua. Bloku ilirudi kwangu ikiwa na chenga za chuma ndani ya njia za oili. Hili si dogo. Chenga moja ikifika kwenye beringi inakwaruza kranki, na ukarabati wote umepotea. Niliwaambia waziwazi, wakaomba radhi, lakini kazi ya kuzisafisha njia hizo kwa brashi na hewa ilibaki yangu. Pia walipaka rangi juu ya mshono kabla sijaukagua, na vipimo vya unene wa ukuta nilivipata kwa kudai. Kazi nzuri namna ile ilistahili karatasi yake.

Kuunganisha injini upya sitakueleza kwa kirefu: hedi zikazwe kuanzia katikati kwenda nje, kwa hatua, na usiharakishe. Nilipoiwasha, nilifungua vishikio vya kutoa mgandamizo, nikaizungusha mpaka oili ikapanda, nikafunga, ikashika. Tumeshaiendesha kwa mzigo kamili, ikapata joto, ikapoa, ikapata joto tena. Nikipangusa mshono kwa kitambaa kikavu, kinatoka kikavu. Oili imebaki safi. Nimebadilisha vipande vya zinki kwenye njia ya maji, vinavyoliwa na maji ya chumvi badala ya injini, na siizimi tena injini kabla haijapumua kidogo bila mzigo.

Ukienda karakana yoyote ya kazi hii, uliza maswali haya: watapima unene wa ukuta kabla ya kukupa bei? Watajaribu kwa presha mbele yako? Nani anasafisha njia za oili? Na kama ufa uko kati ya viti vya valvu, ambako moto unapiga moja kwa moja, uliza kama wamewahi kufanya hapo, kwa sababu ni kazi ngumu kuliko ubavu wa koti la maji, yaani ukuta wa nje wa nafasi inayopitisha maji ya kupoza.

Koti la maji la manifoldi ya ekzosi (bomba linalokusanya moshi wa silinda) nalo limeonyesha mstari mwembamba wa kutu. Nimeshaongea na fundi yuleyule, ataanza na rangi nyekundu na poda, na tumekubaliana kwamba rangi ya juu itasubiri mpaka niwe nimeukagua mshono mwenyewe.