Kipima mawimbi cha sindano: nilichokiona picha ya dishi ilipoanza kukatika

Kwa wiki tatu mfululizo televisheni yangu ilikuwa inakatika. Sizungumzii chenga za enzi za antena, maana dijitali haina chenga. Picha inakuwa imetulia kabisa, mara uso wa mtangazaji unageuka vigae vya rangi, sauti inakwaruza, kisha skrini inaganda. Ikirudi, goli limeshafungwa na watu wanashangilia.

Kilichonishangaza ni kwamba si chaneli zote zilizokuwa hivyo. Baadhi zilitulia tuli usiku na mchana, nyingine zilikatika kila baada ya dakika chache. Jambo hilo ndilo lililokuwa na jibu lote, lakini sikulifuata. Nilijiambia dishi limesogea kwa upepo, nikanunua kipima mawimbi, kile kidogo cha sindano kinachopiga mlio.

Kukifunga si kazi. Unazima king'amuzi kabisa kwenye umeme, unafungua waya kwenye LNB, yaani kile kichwa kinachokaa mbele ya dishi, unakiweka kipima katikati, kisha unawasha. Hakina betri, kinakula umeme ule ule unaopanda kutoka kwenye king'amuzi. Unazungusha kitufe chake mpaka sindano ianze kutikisika, ndipo unalisogeza dishi taratibu. Ukiacha kitufe juu sana, sindano inagonga mwisho na mlio haukomi, hapo hakikuambii kitu.

Nikalegeza nati, nikasogeza dishi kidogo kulia. Sindano ikapanda vizuri, mlio ukawa mkali, nikakaza. Kuingia ndani, chaneli zote zimepotea. Nikafungua ukurasa wa mawimbi kwenye king'amuzi: nguvu asilimia 90, ubora sifuri.

Hapo ndipo nilipokielewa hiki kifaa. Sindano inapima wingi wa mawimbi yanayoingia, haijui yanatoka setelaiti gani. Setelaiti za televisheni zimejipanga juu ya ikweta, kilomita 35,786 kutoka ardhini, nyingine zikiwa zimeachana digrii mbili tatu tu. Ukikosea digrii moja hapa chini, kule juu umepotoka zaidi ya kilomita 600. Nilikuwa nimeangukia kwa jirani, na kipima kikanipongeza.

Kwa hiyo mistari miwili ya kwenye king'amuzi isichanganywe. Nguvu ni kiasi cha mawimbi yanayofika. Ubora ni kama king'amuzi kinaweza kuyasoma bila makosa. Picha inategemea ule wa pili. Nikarudi nje na mtu mmoja akabaki ndani kunisomea ubora kwa sauti, nami nikasogeza dishi kwa upana wa kucha, nangoja sekunde tano sita, nasogeza tena. King'amuzi kinachelewa kusoma, ukiwa na haraka unaipita setelaiti yako bila kujua. Ikachukua karibu saa nzima. Laiti ningechora mstari wa kalamu kwenye mlingoti kabla ya kugusa nati, ingekuwa kazi ya dakika mbili. Tafadhali chora.

Dishi likarudi mahali pake, ubora ukasimama 38 kwa chaneli zile zile mbovu, na chaneli nzuri zikawa juu ya 70. Yaani dishi halikuwa na kosa tangu mwanzo.

Sasa nikaangalia orodha ya masafa kwenye menyu. Kila lililokuwa linakatika lilikuwa na herufi H, ya mlalo, yaani mawimbi yanayotikisika kulia na kushoto. Mazuri yote yalikuwa V, ya wima, yanayotikisika juu na chini. LNB ya kawaida inachagua kati ya hayo mawili kwa umeme: king'amuzi kikituma volti 13 inachukua wima, kikituma 18 inachukua mlalo. Njia ikiwa mbovu, zile 18 zinafika zimepungua, LNB inayumba isijue ishike upande gani. Upande wa wima hauna shida kwa sababu unahitaji volti chache.

Nikafungua tena konekta ya kwenye LNB, safari hii kwa kuitazama. Likadondoka tone la maji. Ule waya wa shaba wa katikati ulikuwa na kutu ya kijani, na nikichuna ganda, nyuzi zinazouzunguka zilikuwa nyeusi badala ya kung'aa. Maji yakishaingia kwenye mdomo wa waya hayabaki hapo, yanatambaa ndani. Nikakata shibiri moja, bado nyeusi. Nikakata nyingine, shaba ikang'aa. Nikaweka konekta mpya ya kubana kwa koleo, si ile ya kusokota kwa mkono ambayo inalegea, nikaivisha kofia ya mpira na kuzungushia tepu, kisha nikauacha waya ulegee kitanzi chini ya LNB ili maji ya mvua yadondokee pale badala ya kufuata waya mpaka kwenye konekta.

Ubora: 74. Chaneli zote.

Jambo la pili lilikuwa ukungu, picha isiyokatika lakini haina makali, maandishi ya chini hayasomeki. Hilo halihusiani na dishi hata kidogo, na usimruhusu mtu apande kulishika dishi kwa sababu hiyo. Kati ya king'amuzi na televisheni nilikuwa natumia nyaya za rangi tatu, na ule wa manjano haupitishi picha ya HD. Nikaweka waya wa HDMI, nikaingia kwenye mipangilio ya king'amuzi nikachagua 1080, basi.

Mvua kubwa bado inakata picha kwa dakika kadhaa. Matone yanameza masafa ya Ku, yale ambayo dishi langu hupokea, gigahezi 10 hadi 12 na ushee, na hakuna konekta itakayozuia hilo. Tofauti ni kwamba sasa inakatika wingu linapokuwa zito kweli na inarudi yenyewe. Zamani hata manyunyu yalitosha.

Kuhusu kipima chenyewe: kwa anayefunga dishi jipya na hana mtu wa kumsomea namba ndani, kinafaa kukuonyesha uko karibu na kitu. Kwa picha inayokatika kwenye dishi lililokuwa linafanya kazi jana, kiache dukani. Chukua spana, zima umeme, fungua konekta moja baada ya nyingine na uangalie rangi ya shaba.