Mtoto Wangu Aliachwa Busia: Uzoefu Wangu na Kampuni ya Kupeleka Vijana Kujitolea Nje

Kampuni siitaji, wenyewe wanajijua. Ofisi iko ghorofani mjini, bendera za nchi ukutani, binti wa mapokezi ana tabasamu la kukuuzia hata kiti ulichokalia. Kazi yao ni kupeleka wanafunzi wa sekondari kujitolea nchi za nje wakati wa likizo. Kijana wangu, miaka 16, alichagua Jinja, Uganda: kupaka rangi shule na kulima bustani ya mboga. Nikalipa, kwa shida, lakini nikalipa.

Sasa habari ya sindano. Uganda huingii bila kadi ya homa ya manjano. Tulikuwa tumejiandikisha kwa kuchelewa, nikauliza ofisini kama muda unatosha. "Mama, hata wiki hiyo hiyo ya safari, bora kadi iwe na muhuri." Nikaamini, si ndio wenye kazi? Kumbe kadi hiyo tangu 2016 haina mwisho, ni ya maisha, lakini ina mwanzo: huanza kutumika siku ya 10 baada ya kudungwa. Kijana alifika mpakani siku ya 7. Afisa wa afya akahesabu kwa vidole, akamwambia akae kando.

Hilo ningesamehe. Lakini kiongozi wa msafara alifanya nini? Alipanda basi na wale wengine 11 akaenda zake! Mtoto wa watu akabaki Busia alfajiri na begi na shilingi 700, eti "mamako anakuja". Mamako mwenyewe yuko Umoja, Nairobi, anapiga mswaki, hana habari. Nikapigia ofisi. Yule binti wa tabasamu: "Mama, tuko na watoto wengine. Mmoja hawezi kuharibia wote safari. Na kanuni ziko kwa fomu, ulitia sahihi." Akanikatia simu. Mimi!

Nilifika Busia usiku. Nikamkuta kwenye kibanda cha chai upande wetu wa mpaka, mikono ndani ya beseni hadi viwikoni, anaosha vikombe. Mama wa kibanda alimwona amekalia begi asubuhi yote, akampa chai na mandazi, akakataa pesa. Kijana akaona haya, akaanza kuosha. Huyu huyu ambaye nyumbani majani ya chai hukaukia kwenye kikombe chake hadi nimwite mara tatu.

Tukalala lojing'i, siku ya 10 akavuka. Na Jinja, lazima niseme ukweli, kulikuwa kuzuri. Walimu wa pale ndio waliopanga kazi, fundi akawafunza kupiga ukuta msasa kabla ya rangi, hakuna aliyewashikisha watoto wa shule wapigwe nao picha. Amerudi ameupaka rangi mlango wetu wa choo vizuri kuliko fundi niliyemlipa mwaka jana. Kwa hiyo mpango wenyewe si mbaya. Nyota tatu.

Hapana, ngojeni. Juzi wamenitumia ujumbe: Desemba kuna Rwanda, punguzo kwa "wateja wetu waaminifu". Pesa ya lojing'i hawajarudisha, hata pole sijaisikia. Nyota moja! Kijana amenuna, anasema namharibia. Saa hii yuko chumbani na simu, anamuuliza mama wa Busia kama amepata mtu wa kumwoshea vikombe.