Dipoli ya 20.1 MHz au spektromita: kunasa milipuko ya redio ya Jua ukiwa Dar

Mlipuko wa aina ya II huzaliwa na wimbi la mshtuko linalopanda kwenye korona, yaani angahewa ya nje ya Jua. Wa aina ya III huletwa na elektroni zinazofyatuka kwa takriban theluthi ya mwendo wa mwanga. Yote miwili hushuka masafa (idadi ya mitetemo kwa sekunde, hupimwa kwa MHz), kwani masafa hufuata uzito wa plazma, gesi ya moto yenye chaji za umeme, nayo huwa nyepesi kadiri unavyoliacha Jua. Ila wa III hupita kwa sekunde chache, wa II hujikokota dakika 5 hadi 15, mara nyingi kwa mistari miwili, mmoja ukiwa na masafa karibu maradufu ya mwenzake.

Dipoli, antena ya waya, ni rahisi: waya wa shaba wa mita 7.1 uliokatwa katikati, nguzo mbili, kebo hadi kwenye redio. Ikae mbali na bati. Utasikia mvumo ukipanda na kufifia, basi. Masafa mamoja hayaonyeshi mteremko, hivyo huwezi kuapa kwamba ni mshtuko.

Spektromita ni kifaa kinachopima masafa mengi na kuyachora kama picha; ile iitwayo CALLISTO hupima MHz 45 hadi 870. Mteremko unaonekana, na kasi ya mshtuko hukadiriwa. Mfuko ukiruhusu, chukua hii. Adui wake mjini ni stesheni za FM, MHz 88 hadi 108: zikikilemea kikuza mawimbi, ishara za bandia hutapakaa kwenye picha nzima. Kichujio cha FM kitangulie kikuza. Kikija baada yake, uharibifu umeshafanyika. Antena ielekee juu: adhuhuri ya Juni Jua huegemea kaskazini digrii 30 tu kutoka utosini.