Laptopu ya kujifunzia kutengeneza tovuti: ya kununua Nairobi na ya kuacha dukani

Ukimwambia muuzaji wa Moi Avenue kwamba unataka laptopu ya kutengenezea tovuti, atakushushia mashine ya i7, yenye prosesa ya nguvu nyingi na bei ya kodi ya nyumba ya miezi kadhaa. Mrudishie. Ukurasa wa wavuti wa anayeanza ni faili za maandishi tu: HTML ya kupanga yaliyomo, CSS ya kuyapamba, na baadaye JavaScript kidogo. Faili hizo zinaandikika hata kwenye Notepad, na VS Code, programu ya kuandikia msimbo ambayo wengi huhamia, ni ya bure na haidai mashine ya ajabu. Kinachomaliza RAM, kumbukumbu ya kazi ya mashine, ni kivinjari kilichofunguliwa video za mafunzo na kurasa nyingi kwa pamoja. Pesa yako basi iende kwenye RAM ya 8GB, SSD (hifadhi ya kasi), kibodi na skrini.

Namba moja kwangu ni ThinkPad T480 ya Lenovo, ikifuatwa kwa karibu na EliteBook 840 G5 ya HP na Latitude 7490 ya Dell. Zote ni mashine za ofisi zilizokwisha kutumika ng'ambo, zile zinazouzwa kwa jina la ex-UK, na bei yake hubembelezeka. Kinachozipandisha juu ni prosesa, ubongo wa mashine. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka Intel ya kizazi cha 8 kwenda mbele. Lakini chunga: modeli hizi tatu zilitoka pia na kizazi cha 7, kwa hiyo jina la kwenye kifuniko halitoshi. Soma namba ya prosesa. i5-8250U ni kizazi cha 8. I5-7300U ni cha 7. T480 ina betri mbili, moja ndani na nyingine ya kuchomoa, na stima inavyotuchezea mitaani hilo si jambo dogo. RAM yake pia inaongezeka. Ya ThinkPad X280 imegandishwa kwenye ubao, hata kama inavutia kwa wembamba.

Ya pili ni kizazi cha 6, kama EliteBook 840 G3 au ThinkPad T460. Bei ni nafuu zaidi. Muuzaji anaweza kukuonyesha Windows 11 ikiwaka humo, ila imeingizwa kwa njia za panya na haina uhakika wa masasisho. Weka Linux Mint, mfumo wa bure wa kuchukua nafasi ya Windows, na VS Code itakwenda bila tatizo. Photoshop ya kuhariri picha hutaipata humo. Figma ya kuchora mwonekano wa kurasa utaitumia ndani ya kivinjari. Angalia skrini pia: nyingi ni za 1366×768, na ukiweka msimbo kushoto na ukurasa kulia, vyote viwili vinabanana.

Ya tatu ni simu uliyo nayo mfukoni. Pakua Acode, programu ya Android ya kuandikia msimbo, andika kurasa zako za kwanza, ujue kama kazi hii unaipenda kabla ya kutoa senti. Alama za < na > zimefichwa nyuma ya kibodi ya simu na zitakuchosha, lakini gharama ni bando tu.

Chromebook ndogo, laptopu za mfumo wa ChromeOS wa Google, zilizotoka shuleni naziweka ya nne, na kwa shingo upande. Nyingi zina RAM ya 4GB, kila modeli ina tarehe ya mwisho ya masasisho, na ikiandika kwamba inasimamiwa na shule fulani, hata ukiifuta yote itarudi palepale.

Mkiani kabisa ni laptopu mpya ya bei rahisi yenye Celeron (prosesa dhaifu), RAM ya 4GB na hifadhi ya eMMC, ya polepole kuliko SSD, ya 64GB. Upya wake uko kwenye kartoni tu.

Ukiwa dukani, usiwe na haraka. Fungua Command Prompt, andika powercfg /batteryreport, kisha ufungue faili itakayotajwa. Ripoti yenyewe ni ukurasa wa HTML, kwa hiyo unaweza kuuchungulia msimbo wake papo hapo. Linganisha Design Capacity (uwezo wa betri ilipokuwa mpya) na Full Charge Capacity (uwezo wake wa sasa). Ya pili ikiwa haifiki nusu ya ile ya kwanza, dai betri nyingine au punguzo.

Kisha kibodi. Mashine za Uingereza huweka @ na alama za nukuu mahali tofauti na zile za Marekani, jambo unalolizoea upesi. Za Ujerumani ndizo kero: Y na Z zimebadilishana nafasi, na { hupatikana kwa kitufe cha AltGr na 7. CSS haiendi bila mabano hayo. Stika zikiwa zimebandikwa juu ya vitufe, uliza chini kuna nini, na ubonyeze kila kimoja.

Mwisho, iwashe upya ukibonyeza F1 kwa ThinkPad, F10 kwa HP au F2 kwa Dell ili uingie BIOS, mipangilio ya ndani ya mashine. Ikidai nenosiri ambalo muuzaji hana, waachie. Lipa kwa till ya duka, si kwa namba ya dalali, na risiti iandikwe namba ya mashine. Usilipie hosting (kuwekewa tovuti mtandaoni) kwa sasa: GitHub Pages itakuwekea kurasa zako hewani bure, na jina la .co.ke utalinunua ukipata mteja.