Boksi la Idi, nguruwe ndani: yaliyonikuta na wanangu

Nilikuwa nimeshaapa sitaandika, maana nikiandika na hasira huwa najuta baadaye. Sasa wiki zimepita na hasira haijapoa, basi acha niandike.

Idi iliyopita, ile ya kufungua, nilinunua mtandaoni boksi la kutengenezea vitafunio na watoto. Duka silitaji, wenyewe wanajijua. Nje ya boksi kuna mwezi mwandamo, nyota, fanusi, na salamu za Idi kwa herufi za dhahabu. Ndani kuna mfuko wa sereali ya mchele, mfuko wa mashmalo (zile pipi nyeupe laini kama sponji), chembe za sukari za rangi rangi, na vikatio viwili vya bati, kimoja cha mwezi na kimoja cha nyota. Siagi unatia yako. Sisi tunaoishi Columbus, Ohio, ambako ikifika Novemba madukani ni Krismasi tupu na watoto wanarudi shule wanaimba nyimbo za kengele, kuliona boksi lina mwezi badala ya mzee wa ndevu nyeupe ni jambo la kukutoa machozi. Na kweli yalinitoka. Nikabonyeza kununua bila kusoma kilichoandikwa chini. Hilo kosa langu, na mume wangu ameshanikumbusha mara za kutosha, asante.

Kwa asiyekijua kitu chenyewe: ni ndugu yake kashata. Badala ya nazi na sukari, unayeyusha mashmalo kwenye siagi, unamwagia zile punje za mchele zilizopulizwa, unakoroga, unatandaza kwenye trei, ikipoa unakata. Wamarekani wanaviita Rice Krispies treats. Vilianzia Kellogg's, kampuni ya sereali, Battle Creek, Michigan, mwaka 1939. Wanawake wawili wa jikoni kwao, Mildred Day na Malitta Jensen, walivipika ili wasichana wa chama cha Camp Fire Girls wachangishe fedha. Mpaka leo kazi yake ndiyo hiyo. Shuleni kwa mwanangu wakichangisha chochote, trei ya vitu hivi iko mezani, na yeye anarudi nyumbani amenuna kwamba wenzake wamekula yeye hakula. Mie jibu langu ni moja: "Hivyo si vyetu, mwanangu." Hajawahi kuniuliza kwa nini. Nikadhani anajua.

Basi boksi lilipofika akaligeuza geuza, akaona ule mwezi, akaniuliza taratibu, "Mama, hivi sasa ni vyetu?"

Nikamwambia ndiyo. Nilimwambia ndiyo, jamani! Hapo ndipo panaponiuma mpaka leo. Hela si kitu.

Tulipika usiku, baada ya futari, mume wangu kaenda tarawehe. Wa kati alikuwa anapima sereali, vikombe sita, vingine vinaishia sakafuni. Kitinda mimba, ana miaka minne, kakaa juu ya meza karibu na mfuko wa mashmalo, na hilo lilikuwa kosa la pili. Siagi imeshayeyuka, mashmalo yamezama yameanza kuvutika kama ulimbo wa fenesi, nyumba nzima inanukia sukari. Mkubwa kashika mfuko mtupu anausoma, kwa sababu huyo anasoma kila kitu, hata maelezo ya dawa ya mswaki.

"Mama, hapa wameandika gelatin. Gelatin ni nini?"

Mwiko ukanisimama mkononi. Nikageuka kumwangalia mdogo. Mashavu yote mawili yamejaa kama kima kwenye mwembe.

"Tema."

Akanitazama. Nikakinga kiganja. "Tema, baba, tema hapa." Akatema, povu jeupe la moto moto lenye mate, likakaa mkononi mwangu, kisha midomo ikaanza kumtetemeka. Hakulia kwa sauti. Angelia kwa sauti ningekuwa na nafuu.

Nieleze kidogo, maana kuna wanaosema tunajitafutia shida. Jelatini ndiyo inayofanya mashmalo yawe laini na yarudi ukiyabonyeza. Inachemshwa kutoka kwenye ngozi na mifupa ya wanyama. Anaweza kuwa ng'ombe, anaweza kuwa samaki, lakini mashmalo ya kawaida ya madukani huku kwa sehemu kubwa ni nguruwe, na kwenye paketi huandikwa neno hilo moja tu, mnyama hatajwi. Najua pia wako wanazuoni wanaosema kitu kikishageuka umbile lake hukumu nayo inageuka, na wako wanaokataa. Sibishani na wanazuoni. Nabishana na mtu aliyechora mwezi mwandamo juu ya boksi, akaniachia mimi mzigo wa kutafuta mnyama gani yumo ndani saa nne ya usiku na watoto watatu wamenizunguka. Kama angechora kengele na theluji ningesoma. Mashmalo ya kawaida siyanunui, miaka yote hii siyanunui! Niliamini kwa sababu ya mwezi. Nikajua, aah, hawa wametufikiria.

Haya, sufuria sasa. Sisi Washafii, wafuasi wa madhehebu ya Imamu Shafii, chombo kilichoguswa na nguruwe kinaoshwa mara saba, moja kwa udongo. Niko ghorofa ya tatu. Udongo nitautoa wapi? Nikauchota kwenye kopo langu la mrihani pale dirishani, mrihani ambao nimeulea majira ya baridi yote kama mtoto mchanga. Na mashmalo yakishapoa, mnajua yanavyong'ang'ania? Nililoweka maji ya moto, nikakwangua, nikaosha, nikahesabu, hesabu ikanipotea, nikaanza upya. Mume wangu anarudi msikitini ananikuta nimesimama kwenye sinki nasugua sufuria kwa udongo wa maua. Akauliza, "Kuna nini?" Nikamwambia aulize duka.

Kesho yake nikawaandikia. Jibu la kwanza likaja na kikatuni cha kutabasamu: wanasikitika kusikia sijafurahia. Nikauliza tena, mnyama gani? Kimya siku mbili. Nikauliza mara ya tatu, wakajibu neno moja, porcine. Eti porcine! Neno la kidaktari, kwa ajili nguruwe asisikike akikoroma.

Nikapiga simu. Hapa nataka niwe mwangalifu, kwa sababu mimi mwenyewe nilipofika nchi hii nilifanya kazi ya kupokea simu za wateja, na ninaijua ile karatasi wanayosomea. Yule binti hakuitunga. Lakini sauti ni yake. Aliniambia boksi ni la mapambo ya sherehe na hakuna mahali walipoandika kuwa ni halali. Hilo ni kweli, nimeliangalia boksi pande zote sita. Kisha akaniambia, kwa sauti ile ya kumwelekeza mtu njia ya choo, kwamba naweza kutoa mashmalo nikatumia vilivyobaki.

Kutoa mashmalo! Hicho chakula kina vitu vitatu. Mashmalo ndiyo gundi yake, ukiyatoa umebaki na sereali iliyopakwa siagi. Ni kama kumwambia mtu asonge ugali aache unga.

Nikanyamaza nimeze mate. Na yeye, kwa kuwa nimenyamaza, akaongeza, "Wewe ndiye wa kwanza kulalamika."

Nimelifikiria neno hilo zaidi ya yote. Ama anasema uongo, ama kweli mimi ni wa kwanza, na maana yake ni kwamba kuna nyumba kadhaa hapa Marekani watoto walikula wakashukuru, na mama zao hawana habari. Sijui lipi baya zaidi. Nilikata simu nikawapa nyota moja kwenye maoni ya wateja, nikaandika na maneno ambayo nimeyatoa hapa kwa sababu ilikuwa Ramadhani.

Sasa nikae upande wao kidogo, wasije wakasema namsukumia mtu.

Watoto walikuwa hawasemi nami vizuri. Mkubwa hakulaumu, ila alilirudisha boksi kwenye kabati akaligeuza mwezi ukaangalia ukutani. Nikaenda kwa Wasomali, Cleveland Avenue, kuna duka nanunua nyama pale. Mwenye duka kakulia Nairobi, Kiswahili chake kimenyooka kuliko cha wanangu. Nikamweleza. Hakucheka. Akaniletea paketi mbili: "Dada, hii ya ng'ombe, hii ya samaki. Chukua ya ng'ombe, ya samaki watoto wangu wanaikataa." Muhuri wa halali uko mbele, na mnyama ametajwa kwa jina. Ilikuwa hapa hapa, mwendo wa dakika ishirini, na mimi nimekaa naamini katuni ya mtandaoni.

Nikampigia Mama Tanga, simu ya picha, nimemwegemeza kwenye kopo la sukari aone jiko. Alitazama dakika moja tu.

"Mwanangu, hiyo si kashata? Punguza moto. Na mikono pakeni mafuta."

Ndiyo siri yote, na ile karatasi ya maelekezo ya boksi haikuitaja! Wao waliandika moto wa kati. Ukiyapa mashmalo moto mkali, kitafunio kikipoa kinakuwa tofali. Moto mdogo kabisa, siagi vijiko vitatu vya mezani, mashmalo wakia kumi, ukiona yamelainika bado kuna mabonge mawili matatu unaepua, yatamalizikia humo humo. Ukishamwaga kwenye trei usikandamize kama unapigilia sakafu, bonyeza tu kwa kiganja chenye siagi. Mama akasema tia hiliki. Nikatia. Sereali nilitumia ile ile ya boksi, nilishaisoma na haikuwa na neno. Wallahi, harufu ilipopanda, wa kati akaacha kuwa na hasira bila kutaka.

Na hapa inabidi niseme kitu kinachoniudhi kukisema: vile vikatio ni vizuri sana. Bati zito, ukingo wa juu umekunjwa haumkati mtoto, nyota inatoka na ncha zake tano zimekamilika. Mwezi una taabu kidogo, pembe ni nyembamba, lazima ukichovye kwenye siagi kila mara, la sivyo inabaki ndani. Wa kwanza ulivunjika katikati. Mkubwa akaunyanyua kwenye mwanga wa taa, ana uso wa kadhi, akasema, "Mama, huu umeonekana nusu. Kesho tunafunga au tunakula?"

Tulicheka mpaka Mama kule Tanga anauliza nini, nini, nini. Mie nilicheka nikakaa chini. Wanaojua jinsi msikiti wetu unavyogawanyika kila mwaka kwa habari ya mwandamo wataelewa.

Usiku ule nilibadilisha nyota, nikaweka tatu. Moja ya kikatio cha mwezi, moja ya kikatio cha nyota, na moja, sijui, ya kwamba bila wao nisingepika kabisa. Asubuhi ya Idi tukapeleka trei kwenye ukumbi wa sala. Bibi mmoja wa Barawa, kavaa buibui la zamani, akachukua nyota, akaisogeza puani, akaniuliza kabla ya kuonja, "Ina nini ndani?" Nikamwambia ng'ombe, bibi. Akala tatu. Yeye kauliza neno moja lililonishinda mimi kuuliza, na hajui hata kubonyeza kununua.

Kwa hiyo kama uko huku na unataka kufanya na watoto, fanya, tena fanya. Wanapenda kweli, hata wa miaka minne anaweza kumwaga sereali na kubandika chembe za rangi. Nunua vikatio peke yake, vinauzwa. Mashmalo nunua pale mnyama anapotajwa. Boksi liache. Au, kama unaweza kulipata kwa bei ya kutupa, chukua vikatio, mashmalo tupa. Nilikuwa nimeishia hapo, nyota tatu, moyo mweupe.

Halafu wiki iliyopita nikapata barua pepe yao. Wamenirudishia hela nusu, wamekata ya usafirishaji. Na kwa kunifariji wameniwekea kuponi: punguzo la asilimia ishirini nikinunua boksi lao la Krismasi.

Nyota moja. Nimebadilisha tena, na hii siibadilishi. Vikatio ninavyo, na kile cha mwezi nakikatia visheti. Kitinda mimba siku hizi ukimpa pipi yoyote, hata ya daktari wa meno, anakuletea kwanza, anageuza karatasi upande wa nyuma na kukuwekea kiganjani, mdomo kaufumba, anasubiri umsomee.