Final Fantasy VIII bila kupanda levo: uzoefu wangu

Nimefika mwisho wa Final Fantasy VIII Remastered huku mhusika mkuu, Squall, akiwa bado levo 7, ileile anayoanza nayo, na mtu akiniuliza nitamwambia hakuna namna tamu kuliko hii ya kuicheza. Wengi wetu hapa Kisumu tumezoea kuzunguka porini tukipiga wanyama mpaka tupate nguvu za kumkabili bosi. Humu mtindo huo unakugeukia. Maadui hupimwa kwa wastani wa levo za kikosi chako: ukipanda nao wanapanda, damu yao inaongezeka na mapigo yao yanakuwa mazito. Ukibaki chini, wanabaki chini nawe. Square waliitoa gemu hii mwaka 1999, ikaboreshwa 2019, na wako wachezaji ambao hadi leo wanaulalamikia mpango huo. Mimi ndio ulionifanya niipende.

Sheria niliyojiwekea ni moja: hakuna kuchukua pointi za uzoefu pale penye njia ya kuzikwepa. Mabosi hawazitoi, kwa hiyo hao unawapiga bila wasiwasi. Kwa wanyama wa kawaida kuna amri ya Card, anayoileta Quezacotl, mmoja wa viumbe wa kuita vitani wanaojulikana kama GF. Unampunguza adui damu, kisha unamgeuza kadi. Kadiri damu yake inavyokaribia kuisha ndivyo uwezekano wa kufaulu unavyoongezeka, kwa hiyo lazima upige kwa kipimo. Ukizidisha kidogo umemuua na pointi zimekuingia. Pambano likiisha kwa kadi, wahusika wako hawapandi levo lakini GF wanapata AP zao, pointi za kujifunzia uwezo mpya, na wanaendelea kujifunza. Hapo ndipo siri yote ilipo.

Mtihani wa kwanza wa kweli ni vita vya mji wa Dollet. Maadui pale, askari wa Galbadia, ni binadamu, hawageuki kadi. Lakini Seifer, mwenzako kikosini pamoja na Zell, yuko nawe kwa muda mfupi tu kisha anaondoka, na mhusika aliyezimia hapati pointi hata moja. Basi niliwaacha Squall na Zell wamelala chini, Seifer akamaliza kazi peke yake, na pointi akaondoka nazo. Mpwa wangu, ambaye kwake gemu ni mpira tu, alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu akashindwa kuvumilia. "Anko, mbona unawaangusha watu wako mwenyewe?" Nilipomweleza hesabu yake alivuta stuli, akakaa nami mpaka juu ya mnara wa mawasiliano.

Kutoka hapo nguvu haitoki kwenye levo tena, inatoka kwenye maandalizi. Chukua Tent, hema la kulalia linalouzwa madukani. Siren, GF mwingine, akishajifunza L Mag-RF, uwezo wa kugeuza vitu kuwa uchawi, hema moja linatoa uchawi wa kuponya, Curaga 10. Mahema kumi, Curaga 100. Ukiziunganisha na damu ya mhusika anaongezewa 2200 papo hapo, na huyo ni mtu wa levo 7 ambaye kwa kawaida ana mia kadhaa tu. Au kadi ya Abyss Worm: uwezo wa Card Mod unaigeuza kuwa kitu kiitwacho Windmill, na Windmill moja inatoa uchawi wa Tornado 20. Kadi tano zinatosha kumpa Squall upanga wa kutisha, ukiunganisha uchawi huo na nguvu ya mapigo yake. Nilikuwa naandika hesabu hizi kwenye daftari la duka kabla ya kufungua laptopu, na raha ya kuona namba zikiruka kwenye skrini siwezi kuilinganisha na bosi yeyote niliyewahi kumshinda kwa kupanda levo.

Diablos, GF mwingine, mtafute mapema, ila sevu kabla ya kuigusa taa uliyopewa na Cid, mkuu wa shule ya Squall, maana pambano linaanza hapohapo. Mrushie Blind, uchawi wa kupofusha, ili mapigo yake ya mwili yakukose, halafu mvute uchawi wake wa Demi umrudishie mwenyewe. Zawadi yake ni Enc-None, inayozima mapambano ya njiani. Toleo jipya lina kitufe kinachofanya kazi hiyohiyo tangu mwanzo, na kingine cha kujaza damu. Vyote viwili sikuvigusa. Cha kuongeza kasi mara tatu nilikitumia kwa moyo mweupe. Jioni ngurumo zikianza kutoka upande wa ziwa, huku Manyatta hujui stima itakaa hadi saa ngapi, na betri ya laptopu yangu imezeeka. Kasi hiyo iliniwezesha kufika penye kusevu kabla ya giza.

Gharama zipo, na mtu azijue. Mitihani ya SeeD, kikosi cha mamluki anachotumikia Squall, inategemea levo yake, kwa hiyo ukibaki 7 cheo kinakwama na mshahara unakuwa mdogo. Maadui wa levo ya chini nao hubeba uchawi hafifu, hivyo kuvuta kutoka kwao hakukufikishi mbali. Itabidi utegemee kadi na vitu vya dukani. Na mchezo wenyewe wa kadi, Triple Triad, unaharibika kabisa ukiiacha kanuni ya Random, inayokuchagulia kadi kiholela, isambae kutoka eneo moja hadi jingine. Izuie mapema.

Ugumu uko mwanzoni. Katikati, ukishakuwa na uchawi wa kutosha, mabosi wengi wanaanguka haraka, na anayetaka kuteseka mpaka mwisho atalazimika kujiongezea masharti. Kwa Ultimecia, bosi wa mwisho, ndipo jasho linarudi: gemu yenyewe ndiyo inayochagua watatu wa kuanza, na aliyezimia usipomwinua upesi anapotea moja kwa moja, mwingine anaingia. Nilitumia muda mrefu kuwagawia wote sita uchawi, hata Irvine na Selphie niliokuwa nimewasahau kwa siku nyingi, na wao ndio waliosimama mwishoni.

Aliyebaki ni Omega Weapon, bosi wa hiari. Huyo hafuati wastani wa mtu, ni levo 100 daima. Nimerudi kwenye faili niliyosevu kwenye kasri la Ultimecia, na wiki hii yote natengeneza uchawi wa kumwendea.